Miaka Mitano ya Kufika Kidato cha Nne: Darasa la 2024 la Bwera na Kasese

Darasa lililoingia kidato cha kwanza mapema mwaka 2020 katika shule za Bwera, Mpondwe na mji wa Kasese lilitumia miaka mitano kumaliza masomo ya miaka minne. Lilipokewa na mtaala mpya ambao hata walimu walikuwa wanaujifunza. Likasoma wiki chache tu, shule zikafungwa. Lilipofika kidato cha tatu, wanafunzi 37 wa shule ya jirani waliuawa kwa usiku mmoja. Mwishoni mwa 2024 likafanya mtihani wa taifa, na Februari 2025 likapata matokeo yake.

Makala haya yanalikumbuka darasa hilo, na kupitia kwake yanaieleza historia ya elimu ya sekondari katika pembe hii ya magharibi ya Uganda. Yanazichukua shule za wilaya ya Kasese kuwa taasisi moja, kwa kuwa ndivyo familia za hapa zinavyoziishi. Mtoto huanza bweni Bwera; ada ikikatika, huhamia shule ya kutwa Karambi au Kisinga; dada yake yuko Kasese mjini kwa shangazi; na mwalimu aliyemfundisha hesabu mwaka jana humkuta tena katika shule nyingine mwaka huu. Anayemaliza hapa amemaliza kwa mikono ya shule zaidi ya moja.

Shule iliyodaiwa

Kasese iko chini ya milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Bwera iko takriban kilomita 50 kusini-magharibi, na hatua chache mbele yake ni Mpondwe, mpaka wa Uganda na Kongo. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, ikafuata shaba ya Kilembe. Mgodi ulileta wafanyakazi kutoka kila upande, ukaleta maduka, zahanati na madarasa ya watoto wa wafanyakazi. Lakini mtoto wa Mkonzo, mwenyeji wa milima hii, aliyezaliwa mlimani alikuwa na safari ndefu kuliko reli hiyo. Shule kubwa zilikuwa Fort Portal: Nyakasura, iliyoanzishwa 1926, na St. Leo's ya wamisionari Wakatoliki. Kutoka Bwera mpaka huko ni zaidi ya kilomita 100, na ada ilikuwa mlima wa pili.

Wakati huo Wakonzo na jirani zao Waamba walikuwa chini ya ufalme wa Toro. Malalamiko yao yalikuwa mengi, ya kodi, ya ardhi na ya vyeo, lakini lile lililorudiwa kila baraza lilikuwa la shule. Watoto wao walifundishwa kwa Kitoro badala ya lugha ya mama zao, nafasi za masomo ya juu ziliwapita, na ofisi za serikali zikajaa watu wa kwingine kwa sababu hiyo hiyo. Si ajabu basi kwamba kiongozi wa Rwenzururu, vuguvugu lililopinga utawala huo wa Toro, Isaya Mukirania, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Katika miaka ya 1950 aliongoza chama cha kutafiti maisha na historia ya Wakonzo. Mwaka 1962, Uganda ikijiandaa kupata uhuru, yeye na wenzake Yeremia Kawamara na Petero Mupalya wakaongoza upinzani dhidi ya Toro. Mapambano ya mlimani yalidumu miaka 20. Isaya alifariki 1966, mwanawe Charles Wesley Mumbere akamrithi akiwa bado mtoto wa umri wa kwenda shule, na Agosti 1982 akashuka kwa makubaliano na serikali ya Obote. Baadaye alikwenda Marekani kusoma.

Katikati ya mapambano hayo, mwaka 1974, serikali ya Idi Amin iliitenga Kasese kutoka Toro ikawa wilaya. Wilaya ina bajeti yake, ina afisa elimu wake, na ina sababu ya kujenga shule zake. Kanisa Katoliki na Kanisa la Uganda nayo yakaanzisha majimbo yao hapa katika miaka ya 1980, na Waislamu wa mji wa Kasese wakawa na shule yao. Wazazi walichangia matofali, mawe ya mtoni na siku za kazi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bwera anapolalamika kwamba ubao umechakaa, babu yake ana haki ya kumkumbusha kwamba kuna watu waliopanda mlimani ili ubao huo uwepo.

Vita vilipoanza kugonga madarasa

Tarehe 13 Novemba 1996, waasi wa ADF (Allied Democratic Forces) walivuka kutoka Kongo wakaishambulia Mpondwe. Huo ulikuwa mwanzo wao wa kujulikana, na miaka iliyofuata vijiji vya milimani vilihamia kambini. Shule nyingi zilifungwa, nyingine zikageuzwa makazi ya waliokimbia. Tarehe 8 Juni 1998 waasi hao hao walivamia chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakachoma mabweni. Wanafunzi 80 hivi waliteketea.

Tangu hapo wazazi wa Rwenzori waliliangalia bweni kwa macho mawili. Bweni humwezesha mtoto kusoma jioni na kuepuka kilomita nyingi za miguu. Bweni pia huwakusanya watoto wengi mahali pamoja usiku. Vita vilipotulia mwanzoni mwa miaka ya 2000, shule zikafufuka, na swali hilo likalala. Halikufa.

Mwaka 2007 serikali ilianzisha elimu ya sekondari kwa wote, ikianza na kidato cha kwanza. Mtoto aliyefaulu mtihani wa darasa la saba aliweza kusoma bila kulipa karo katika shule zilizoingia kwenye mpango huo. Mzazi alibaki na sare, madaftari, chakula na ile orodha ya vitu vya kupeleka shuleni ambayo kila mama wa Kasese anaijua kwa moyo: rimu ya karatasi, ufagio, jembe. Madarasa yalijaa mpaka wanafunzi watatu wakagawana dawati la wawili. Shule za binafsi zikaongezeka kando ya barabara ya Mpondwe kuwapokea waliokosa nafasi. 

Walioingia na mtaala mpya

Watoto hawa walikuwa darasa la saba Juni 2019, Wizara ya Afya ilipothibitisha kwamba Ebola imevuka mpaka na mgonjwa wa kwanza, mtoto wa miaka mitano, yuko katika hospitali ya Bwera. Madumu ya maji yenye klorini yaliwekwa kwenye mageti ya shule na kwenye daraja la Mpondwe. Walijifunza kunawa mikono na kutopeana mikono miezi mingi kabla dunia haijaijua korona. Novemba wakafanya mtihani wa darasa la saba, PLE, na mwanzoni mwa 2020 wakavaa sare za sekondari.

Walikuwa wa kwanza nchini kuanza mtaala mpya wa sekondari ya chini. Masomo yalipunguzwa. Mwanafunzi alitakiwa kufanya kazi za mradi, na alama za kazi hizo zingechangia asilimia 20 ya matokeo yake ya mwisho, mtihani ukibaki na asilimia 80. Kiswahili kikawa somo la lazima kwa vidato viwili vya kwanza. Walimu walikuwa wamepewa semina fupi, na vitabu vilikuwa njiani.

Tarehe 20 Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa bado wanajifunza majina ya walimu wao. Serikali ilipeleka masomo kwenye redio na magazeti. Kwa mtoto wa kijiji cha mlimani, gazeti lilifika likiwa limefungia sukari. Mei mwaka huo mto Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe, kama ulivyofanya Mei 2013. Familia zilizopoteza nyumba zilikuwa na mambo mengine ya kufikiria kuliko somo la redioni la saa nne asubuhi.

Shule zilifunguliwa kwa mafungu, madarasa ya mitihani kwanza, kisha Juni 2021 zikafungwa tena. Zilipofunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili ilikuwa imepita, na Uganda ilikuwa imefunga shule kwa muda mrefu kuliko nchi nyingine duniani. Darasa letu likapandishwa kidato cha pili.

Si wote waliopanda. Soko la Mpondwe, ambalo siku zake kubwa ni Jumanne na Ijumaa, lilikuwa limewafundisha wavulana kazi. Mvulana wa miaka 15 aliyekuwa akivusha magunia ya kahawa na mihogo, akirudi na vitenge na mafuta ya mawese, alikuwa na fedha yake mfukoni. Mwingine alikuwa amepata pikipiki ya bodaboda ya kukodi. Wasichana walikuwa na mzigo mwingine: mimba, ndoa za mapema, kulea wadogo zao wakati mama yuko shambani. Serikali iliruhusu wasichana wajawazito na wenye watoto warudi darasani, na wapo waliorudi. Mama mmoja wa Bwera alikuwa akimleta mjukuu getini saa ya mapumziko, binti anamnyonyesha chini ya mwembe, kisha anarudi kwenye kipindi cha kemia. Hilo lilihitaji mlinzi mwenye huruma, mwalimu mkuu mwenye busara, na binti mwenye shingo ngumu.

Lugha ya sokoni yaingia darasani

Somo la Kiswahili lilipokelewa tofauti Bwera na sehemu nyingine za Uganda. Kwingine mwanafunzi alikutana nacho kama lugha ya askari au ya sinema. Hapa alikuwa amekisikia tangu utotoni, kwa sababu Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu wa damu na lugha, na biashara kati yao na makabila mengine huendeshwa kwa Kiswahili cha Beni na Butembo. Mtoto anayemsaidia bibi yake kuuza bundu (ugali wa muhogo) na sombe (kisamvu) alijua kupunguza bei kwa Kiswahili kabla hajajua kusoma.

Tatizo lilikuwa ngeli. Kiswahili cha sokoni hakina haja nazo. Kinataka bei na kilo. Mwalimu alikuwa akisimama mbele ya darasa lililoongea haraka kuliko yeye na kuandika vibaya kuliko anavyotaka, naye mara nyingi alikuwa peke yake shule nzima, kwa kuwa walimu wa somo hilo walikuwa wachache nchini. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi wa mpakani waliisikia habari hiyo wakacheka kidogo. Kwa mara ya kwanza kitu walichokuwa nacho nyumbani kilikuwa na alama kwenye ripoti.

Kazi za mradi nazo ziliwafaa. Katika shule nyingi za mjini mradi ulimaanisha kununua vitu dukani. Hapa, kwenye miteremko inayolima kahawa ya arabika, mwanafunzi aliweza kuleta mche na kueleza udongo wake, mvua yake na bei yake, akisaidiwa na baba ambaye hakufika darasa la saba. Mwaka huo wa 2022 uliisha kwa haraka: Ebola ilikuwa imezuka Mubende na Kassanda, na serikali ikazifunga shule tarehe 25 Novemba, wiki mbili kabla ya muda.

Juni 2023

Usiku wa Ijumaa, tarehe 16 Juni 2023, Siku ya Mtoto wa Afrika inayoadhimishwa na bara zima, waasi wa ADF walivuka mpaka wakaingia katika Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, kilomita mbili hivi kutoka Kongo. Ilikuwa yapata saa tano na nusu, wanafunzi wamelala. Wavulana walijifungia bwenini, na bweni likachomwa moto. Wasichana waliuawa kwa mapanga. Wanafunzi 37 walikufa: 17 kwa moto na 20 kwa panga. Wakazi kadhaa na mlinzi wa shule waliuawa pia, wanafunzi wengine wakachukuliwa kubeba chakula kilichoporwa kuelekea msitu wa Virunga.

Asubuhi wazazi walijaa katika hospitali ya Bwera. Miili iliyoungua ilipelekwa Fort Portal ili itambuliwe kwa vipimo vya DNA. Wapo waliozika siku ile ile, wapo waliosubiri. Katika wilaya ambako watu wengi wana undugu na pande zote mbili za mpaka, hakuna kijiji kilichoweza kusema msiba huo si wake.

Jeshi la Uganda lilikuwa tayari ndani ya Kongo, katika operesheni iliyopewa jina la Shujaa na kuanza Novemba 2021. Swali la wazazi lilikuwa rahisi: wanajeshi wako ng'ambo, nani alikuwa mpakani? Swali hilo ni halali, nalo linapaswa kuulizwa mpaka lijibiwe.

Darasa letu lilikuwa kidato cha tatu. Katika wiki zilizofuata, mabweni ya Bwera yalipungua watu. Magodoro yaliyokunjwa na masanduku ya bati yalionekana juu ya bodaboda yakirudishwa kijijini. Wazazi waliokuwa na ndugu Kasese mjini waliwahamishia watoto huko. Kumbuka kwamba mji wa Kasese nao ulikuwa na kidonda chake. Novemba 2016, watoto hawa wakiwa darasa la nne, vikosi vya serikali vilivamia ikulu ya Mumbere, ambaye sasa alikuwa mfalme wa Rwenzururu, na watu zaidi ya 100 wakafa katika mapigano ya siku mbili. Mfalme alikamatwa, na mashtaka dhidi yake yalifutwa mwezi huo huo wa Juni 2023. Familia zilikuwa zinafuta machozi ya zamani zilipoanza kulia upya.

Walimu wa wakati huo wanastahili sentensi yao katika kumbukumbu hii. Hawakuwa na mafunzo ya ushauri wa msiba. Walifanya walichojua: waliita mstari wa asubuhi, wakaomba dua, wakataja majina, kisha wakaandika tarehe ubaoni na kuanza kipindi. Shule za bweni zilipandisha kuta, zikaongeza walinzi na taa. Masomo ya kujisomea usiku (prepu) yakafupishwa au yakahamishiwa alfajiri.

Mtihani, na wale wasioitwa majina

Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kwa mtihani wa kidato cha nne chini ya mtaala mpya. Zaidi ya watahiniwa 350,000 waliufanya nchi nzima. Ile mizani ya zamani ya madaraja ya kwanza hadi ya nne iliondolewa, kila somo likapewa herufi kuanzia A hadi E. Februari 2025, matokeo yalipotangazwa, wazazi wengi wa Bwera waliuliza swali lile lile: amepata daraja gani? Wanafunzi wakalazimika kuwaeleza wazazi wao jinsi ya kusoma cheti. Sasa wametawanyika. Wapo walioingia kidato cha tano, wapo walio vyuo vya ufundi, wapo waliovuka daraja kufanya biashara, wapo wanaotafuta ada.

Mtu akiuliza darasa hili limeacha nini, jibu lipo kwenye mambo matatu. Limethibitisha kwamba mtaala unaodai vitendo unaweza kufanyika katika shule zenye maabara finyu, mradi walimu waruhusiwe kutumia shamba na soko. Limekipa Kiswahili nafasi ya heshima katika shule za mpakani. Na limekaa darasani wakati ambapo kila sababu ya kukaa nyumbani ilikuwepo.

Lakini limeacha deni pia. Historia za shule huandikwa kutoka orodha ya waliofanya mtihani, kwa kuwa ndiyo iliyochapwa na bodi. Orodha ya walioingia kidato cha kwanza mwaka 2020 ni ndefu zaidi. Imo kwenye madaftari ya mahudhurio yaliyoandikwa kwa wino, kwenye makabati ambayo mchwa na mvua vinayanyemelea. Katika madaftari hayo wamo wavulana wa magunia na wasichana wa mimba za 2020. Wa Lhubiriha wana madaftari yao pia. Ukihesabu waliofaulu tu, utasema mambo yalikwenda vizuri. Ukihesabu walioingia, utajua gharama.

Kwa hiyo ombi kwa wakuu wa shule za Bwera, Mpondwe na Kasese, na kwa viongozi wa vyama vya wanafunzi wa zamani: toeni madaftari ya mwaka 2020, yanakilini, na muwatafute wote waliomo, waliomaliza na wasiomaliza. Mnapoandaa sherehe ya darasa, waalikeni wote. Aliyeacha kwa sababu ya ada atafutiwe njia ya kurudi, na aliyejifungua asifungiwe geti. Isaya Mukirania na wenzake walidai shule kwa ajili ya watoto wote wa mlima, na dai hilo halitakuwa limelipwa mpaka orodha ya walioingia na ya waliomaliza zilingane.